Mkaguzi Hajapita

Skrini ilikuwa tupu bado.

Wiki iliyopita, msomaji, ulimwacha Antena ameganda kitini, simu sikioni, na sauti ya mwanamume upande wa pili ikimuuliza swali moja tu: "Shem, twende au tusiende?" Wiki nzima umemwacha hapo. Haya, tuingie chumbani, maana naye hajajibu.

"Shem! Umekata?"

"Sijakata. Ngoja."

"Ningoje nini? Magari ya adui tunayasikia bondeni. Yanapanda huku."

"Shemeji, nimesema ngoja!"

Kama ndiyo kwanza umeifungua hadithi hii leo, mambo ni haya. Antena ni fundi wa mitambo katika ofisi ya hali ya hewa, na kazi yake ni kupokea picha za mawingu kutoka kwenye setilaiti. Jina alibandikwa utotoni kwa kusikia maneno ya wakubwa kupitia kuta mbili, likamganda mpaka leo. Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa nyuma ya vilima, amejibanza kwenye banda la kiwanda cha matofali na lori la mikate lisilokuwa na mkate hata mmoja. Lilikuwa limejaa watu wanaoikimbia vita. Miongoni mwao alikuwemo mama mzazi wa Antena, amekumbatia cherehani yake aliyoapa kutoiacha hata akiachwa yeye.

Mbele yao kulikuwa na daraja. Daraja refu, jeupe, halina mti wala kivuli. Ukilivuka, unaingia msituni, na dada mtu alikuwa huko tangu wiki mbili nyuma, anamsubiri mama yake.

Na juu ya daraja, juu kuliko ndege, kulikuwa na Mkaguzi.

Mkaguzi ni setilaiti ya jeshi lililovamia. Antena ndiye aliyembatiza hivyo, kwa sababu anakuja kila alfajiri kama mkaguzi wa shule asiyeumwa wala kufiwa. Njia yake imepangwa ifuatane na jua; dunia ikisogea, nayo njia inajigeuza kidogo kidogo, hata kila siku anakupitia kichwani karibu saa ile ile, alfajiri kisha jioni. Anatembea mpakani mwa giza na mwanga. Mawingu hayamzuii, maana haoni kwa jicho. Anarusha mawimbi ya rada chini na kusikiliza yanavyorudi. Kinachosimama barabarani, anacho. Akishakichukua, ndege hufuata. Basi dogo lililokutwa juu ya daraja lile mwezi uliopita halikubakiza hata wa kulisimulia.

Lakini Mkaguzi ana udhaifu mmoja. Anapiga filimbi.

Antena aliigundua filimbi hiyo redioni kabla ya vita, wakati mambo haya yalipokuwa mchezo wake wa kupumzikia. Mkaguzi akija, mlio unakuwa juu. Akikupita, unashuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa linapokupita kando ya barabara. Kila alfajiri Antena huusikiliza mlio mpaka ufe, kisha humpigia shemeji yake: "Amepita. Nendeni." Kuanzia hapo mpaka jioni, daraja ni la watu. Mara nyingi lori limevuka hivyo. Hajakosea hata siku moja.

Leo filimbi haikulia. Saa yake ilifika, ikapita.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Antena akaruka kitini.

"Nani kafa?" akauliza Bwana Mvua.

Huyu ndiye mtabiri wa zamu, sauti nene, tai shingoni tangu alfajiri kwa ajili ya televisheni. Mji mzima unamtania: akisema itanyesha, watu wanafua. Na ndiye peke yake pale ofisini anayejua kuhusu lori.

"Mkaguzi hajapita," Antena akasema.

Bwana Mvua akafunga mlango nyuma yake, taratibu safari hii. "Hajapita, au hukumsikia?"

"Redio ni nzima. Nimeikagua."

"Basi wameshtuka. Wamemwashia mota, ameongeza mwendo, amewahi. Amekwenda zake! Waambie watu wavuke."

"Kule juu haiendi hivyo, kaka. Ukimsukuma mbele, anapanda. Akipanda, mzunguko unarefuka, anachelewa. Ukitaka awahi, unamkanyagia breki."

"Breki ili awahi?"

"Anashuka chini, njia inakuwa fupi."

"Mungu wangu. Na mnasema mimi ndiye nasema uongo." Bwana Mvua akajifuta uso. "Sasa wamekanyaga breki au mafuta?"

Hapo ndipo palipouma. Kama walikanyaga breki, Mkaguzi alishapita, na lori lingeweza kuondoka sasa hivi. Kama walikanyaga mafuta, Mkaguzi alikuwa njiani, na kumwambia Shemeji atoke bandani kulikuwa sawa na kumzika mama yake kwa mkono wake.

Na Antena hakujua. Redio yake huiwasha dakika chache tu kabla ya saa ya Mkaguzi. Kwa nini aiwashe mapema? Mkaguzi hawahi. Alikuwa amemzoea adui yake kama mtu anavyomzoea jirani, na mazoea yale sasa yalikuwa yamemponza.

"Shem." Sauti ya Shemeji ilikuwa imeshuka. "Mama anataka kusema."

"Shemeji, usimpe—"

"We mtoto!" Mama alishaikamata simu. "Mbona leo unatuweka? Humu ndani kuna mtu amevua viatu."

"Mama, naomba dakika moja."

"Chukua mbili. Ila jua mimi siogopi daraja. Naogopa hili lori. Jana limesukumwa na wanaume sita ndipo likakohoa."

"Mama, simu yako umeizima?"

"Ipi?"

"Mama! Shemeji hakukwambia? Doria zao zinanusa simu. Mkifika darajani simu zote zinazimwa, hata ya kwake. Ni sheria yangu."

"Sheria, sheria. Haya, mwanangu. Tutazima."

Bwana Mvua alikuwa amesimama dirishani akitazama wingu zito lililoufunika mji, akinung'unika peke yake kama kawaida yake. "Siku mbaya ilianza na picha mbaya. Picha yangu ya alfajiri imeharibika, michirizi mieupe kutoka kona hadi kona. Nimekaa naisafisha—"

Antena akageuka. "Michirizi gani?"

"Michirizi. Kama mtu kapitisha reki."

"Leo?"

"Leo. Iko kwenye kompyuta yangu. Yaani, ilikuwepo."

"Ilikuwepo?"

Bwana Mvua akalegeza tai. "Watazamaji hawapendi michirizi. Nikachukua mawingu ya jana, nikayapaka juu."

"Umepaka mawingu?"

"Yanafanana!"

Wakati mwingine Antena angecheka mpaka machozi yamtoke. Safari hii alimpita mbio, simu mkononi, nusura amwangushe, akavuka ukumbi, akaketi mbele ya kompyuta ya Bwana Mvua bila kuomba. Picha ya televisheni ilikuwa safi, mawingu ya jana yamelala juu ya mawingu ya leo. Akafungua pipa la taka la kompyuta. Ile halisi ilikuwepo, haijafutwa.

Na mchirizi ulikuwepo. Mweupe, umekata picha kimshazari.

Antena akaikuza picha.

Setilaiti ya hali ya hewa hutuma picha yake mstari kwa mstari, mistari miwili kila sekunde, na mitambo huinasa yenyewe hata kama chumba hakina mtu. Kikipita chombo kingine karibu, kikipaza sauti kubwa, mawimbi yake huvujia ndani ya picha na kuacha mchirizi. Ukihesabu mistari tangu juu mpaka ulipo mchirizi, unajua kilipita lini.

Akahesabu. Kilipita mapema, yeye hata kiti hajakikalia.

"Breki," akasema. "Wamemkanyagia breki. Amewahi, Bwana Mvua. Amepita!"

"Una hakika ni yeye?"

"Nani mwingine?"

"Mimi nauliza tu. Mchirizi hauna jina."

Antena alilisikia neno hilo, msomaji. Alilisikia vizuri kabisa, mtu ambaye hata jina lake ni kusikia. Angeweza kuifungua rekodi ya sauti iliyotoa picha ile, aweke sikio, atafute kile kigugumizi kidogo ambacho filimbi ya Mkaguzi inacho na ya chombo kingine haina. Mfuatiliaji wa setilaiti hutambua chombo chake kwa sauti. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika mji ule.

Lakini simuni magari yalisikika yakipanda. Na yeye alitaka, kwa roho yake yote, Mkaguzi awe amepita.

"Shemeji. Amepita. Nendeni."

"Asante, shem." Akasikia mlango wa lori ukibamizwa, injini ikikohoa, ikikataa, ikikohoa tena, ikishika. Akasikia Mama akisema mahali fulani nyuma, "Shika hiyo cherehani, we kijana, si mzigo huo." Kisha: "Tunafika darajani. Nazima. Tutaonana ng'ambo."

Simu ikakatika.

Antena akarudi chumbani kwake, akaketi. Bwana Mvua alimfuata, akaegemea mlango.

"Jioni nitawatangazia jua," akasema. "Nikikosea, nitasema nilikuwa na furaha."

Antena akatabasamu. Akanyoosha mkono kuizima redio.

Redio ikalia.

Mlio ulianza kwa mbali, mwembamba, juu. Wenye kigugumizi.

Kidole cha Antena kikabaki hewani. Mlio ukaja, ukaja, ukanenepa, na kwenye skrini mstari uliokuwa umelala ukanyanyua kichwa kama nyoka.

"Huyo si…" akaanza Bwana Mvua.

"Ndiye."

"Sasa yule wa kwenye picha?"

"Ni mwingine." "Wako wawili. Wamepeleka wa pili atangulie, na huyu wamemchelewesha, ili mtu anayemvizia mmoja anaswe na mwenzake. Bwana Mvua, nimewatoa bandani mwenyewe. Nimewaambia nendeni!"

Akaidaka simu. Akapiga.

*Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.*

Akapiga tena. Yule mwanamke wa simu, mpole, asiye na haraka ya mtu yeyote, akamrudia: *hapatikani kwa sasa.* Shemeji alikuwa ameitii sheria. Sheria ilikuwa yake Antena, aliitunga mwenyewe, akawakaririsha wote mpaka wakaishika.

Wote, isipokuwa mmoja.

Wazo likampiga kama kofi. *Ipi?* Mama alikuwa ameuliza "Ipi?" Mtu mwenye simu moja haulizi ipi.

Akaitafuta namba ya zamani, ile ambayo Mama alikuwa ameapa kuwa aliitupa. Akapiga. Ikaita.

"Hujambo mwanangu." Mama alikuwa ananong'ona. "Usimwambie mume wa dada yako. Nimeificha ndani ya cherehani."

"Mama! Mko wapi? Mwambie arudi nyuma! Au akanyage mafuta mpaka msituni, chochote, msikae hapo juu!"

"Turudi vipi na twende vipi? Limezimika."

"Nini?"

"Lori. Limezimika katikati ya daraja. Wanaume wameshuka wanasukuma. Nilikwambia naogopa nini?"

Mlio redioni ukazidi nguvu. Alizijua hatua zake kama anavyojua ngazi za kwao: utazidi nguvu hadi kwenye upeo, utakaa hapo kidogo, kisha utashuka. Pale penye upeo ndipo Mkaguzi anapokuwa karibu kabisa, na pale ndipo anapopiga picha. Dakika tatu. Labda nne.

Akatazama mchirizi uliobaki kichwani mwake, mweupe, umekata picha kimshazari. Chombo kimoja kilipaza sauti, kikaharibu picha ya kingine.

Akasimama.

"Nipe ufunguo wa rada."

Bwana Mvua akarudi hatua moja. "Ufunguo wa nini?"

"Rada ya mvua, juu ya paa. Inarusha mawimbi ya aina ile ile anayoyatumia yeye. Nikimwelekezea usoni, picha yake yote itajaa michirizi. Mji huu na daraja lile viko katika picha moja. Hataona kitu."

"Na atajua yametoka wapi."

"Ndiyo."

"Antena, nisikilize. Hawa wavamizi wametuacha hai kwa sababu moja tu: na wao wanataka kujua mvua. Mkuu wa ofisi amekataza rada isiwashwe bila ruhusa yake, na sababu unaijua. Ukiirusha juu, unawasha taa juu ya paa letu na kuandika 'tupo hapa'."

"Najua."

"Nina watoto wanne!"

"Na mimi nina mama mmoja, yuko darajani, na nimemweka mimi!"

Mlio ulikuwa unazidi. Bwana Mvua alimtazama. Mtu yule ambaye mji ulimcheka miaka yote alisimama pale na tai yake imepinda, midomo ikicheza bila sauti, kama anahesabu vichwa nyumbani kwake. Kisha akatia mkono mfukoni. Hakusema kitu cha kishujaa, msomaji, na mimi sitamsingizia. Alisema:

"Huo mtambo unachelewa kupata moto. Anza na swichi ya kushoto."

Ufunguo ukadakwa hewani.

Antena alizipanda ngazi mbili mbili, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Chumba cha rada kilikuwa baridi, kimejaa vumbi. Swichi ya kushoto. Taa ya njano. Mtambo ukaanza kuguruma taratibu kama mtu aliyeamshwa mapema.

"Mama, bado mnasukuma?"

"Wanasukuma. Na mimi nimeshuka."

"Umeshuka kufanya nini?"

"Kusukuma! Nikae ndani niongeze uzito?"

Taa ikabaki njano. Antena akaunakili mwelekeo wa antena ya redio yake, iliyokuwa imeshamlenga Mkaguzi na kumfuata hatua kwa hatua. Juu ya paa dishi kubwa, lililozoea kutazama mvua upande wa mashariki, likajigeuza kwa mikwaruzo, likainua uso.

Kutoka chini, kupitia mlango ulioachwa wazi, akausikia mlio. Ulikuwa umefika kwenye upeo. Ulikuwa umekaa.

"Geuka kijani," akaiambia taa. "Geuka kijani, mwanaharamu wewe!"

Ikageuka.

Akabonyeza.

Hakuna kilichosikika. Mawimbi hayana kishindo. Mtambo ulinguruma tu, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake, na mahali fulani juu ya mawingu Mkaguzi alitazama chini na kukuta, badala ya mji na vilima na daraja, weupe mtupu. Au hakukuta. Antena hakuwa na njia ya kujua. Alikishika kitufe mpaka kidole kikafa ganzi, na alipousikia mlio kule chini ukianza kushuka, ukienda, ukififia, bado hakukiachia.

"Mama?"

Upepo. Mwanamume akipiga kelele, "Moja, mbili, sukuma!" Kisha kikohozi, kikohozi cha pili, na injini ikashika kwa ngurumo; Antena hakuwahi kusikia muziki mtamu kama ule.

"Limewaka!" Mama alikuwa anahema, anacheka, analia. "Limewaka, mwanangu! Tunapanda. Ngoja… tunakwenda. Naiona miti. Naiona miti!"

Antena akakiachia kitufe. Akaketi sakafuni palepale, mgongo kwenye mtambo wa moto.

"Mko msituni?"

"Tumeingia. Giza tupu, kuzuri. Halafu huyu shemeji yako ameniona na simu. Ananitazama vibaya."

"Mwambie nimekusamehe."

"Mwambie mwenyewe. Mwanangu, mbona sauti yako iko hivyo? Si tumevuka?"

Kabla hajajibu, akasikia hatua kwenye ngazi. Alikuwa Bwana Mvua. Hakukimbia, alipanda kama mtu mwenye mzigo. Aliingia, akampita, akaenda mpaka dirishani, akalifungua.

Zilikuwa mbali bado, juu ya wingu. Ngurumo mbili, zimeshikana. Mji mzima unaijua ngurumo ile. Kila alfajiri Mkaguzi anapokuwa ameona kitu, ndege hizo huja kutoka kaskazini, hupita kushoto, na kwenda vilimani.

Bwana Mvua aliinamisha kichwa akisikiliza, kama anavyosikiliza radi ili aseme itanyesha wapi.

"We mtoto, nakuuliza," Mama alisema simuni. "Kuna nini huko?"

Antena alimtazama Bwana Mvua. Bwana Mvua aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kutabiri, hakuna ambaye angethubutu kumbishia.

"Hazijapinda kushoto," akasema. "Zinakuja huku."